Umeme Wetu Unaisha Mapema, Baba

Baba,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka. Tangu tukuzike Gashoho na kurudi hapa Mushasha, kazi yako ya kulinda mita imeniangukia mimi. Nyumba tatu, mita moja. Wote tunachanga, umeme unanunuliwa, halafu lazima awepo mtu mmoja wa kuchukiwa. Ulikuwa wewe. Sasa natoka darasani na chaki mikononi, napita mlango kwa mlango kuuliza nani kaacha taa ya nje inawaka mchana kweupe.

Nakiri tulikucheka sana. Ulikuwa ukitoka lindo asubuhi, mimi nikiwa nimeshakwenda shule, na Mama anasema hata koti hukulivua kabla ya kuzima redio na kuchomoa chaja isiyo na simu. Nguo zote zilipigwa pasi Jumamosi, mara moja. Maharagwe yalilowekwa tangu jana yake. Tulikuita bahili, ukacheka tu. Kumbe ndiyo maana umeme wetu ulifika mwisho wa mwezi.

Ulipoondoka ukaanza kuisha kabla ya mwezi kufika katikati. Nikazima friji. Nikabadilisha balbu zote. Wapi. Mashaka yangu yakamwangukia Mama Keza, yule fundi wa kushona wa mlango wa kati, kwa kuwa ana pasi ya umeme. Nilimsema mbele ya watu, pale bombani, kisha nikakata waya unaokwenda kwake. Wewe hukuwahi kumkatia mtu, najua.

"Mi tangu mzee alikufa niko napiga pasi ya makaa kila siku," aliniambia. "We mwalimu unanionea bure."

Sikumsikiliza. Akawa anashona bila taa. Jioni moja anapiga pasi ya makaa, mwanga hafifu, cheche ikadondokea imvutano ya mteja, vazi la kike la kuvaa kwenye sherehe ya mahari Jumamosi ile. Tundu pale pale begani. Alilia, Baba, na mimi nikiwa ndani namsikia, bado najiambia kwamba shauri yake.

Wiki iliyofuata kichwa kiliniuma darasani, mkuu wa shule akaniruhusu kurudi. Ilikuwa saa nne hivi. Nikamkuta Mama uani nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, taulo lako magotini. Mbele yake ndoo ya bati, rezistansi, ile koili ya umeme ya kuchemshia maji, imo ndani, maji yanatokota na nusu yake yameshakauka.

"Mgongo wake hauwezi maji baridi," alisema, kama anayenieleza jambo la kawaida.

Kila siku, Baba. Saa ile ile uliyokuwa ukirudi. Zamani ulifika, ukachomoa waya, ukabeba ndoo ukaenda kuoga. Sasa hakuna anayefika, na maji yanachemka mpaka adhuhuri. Nilimtazama, akakasirika kidogo. "Najua amekufa, usiniangalie hivyo. Ila ikifika saa ile, nikikaa bure siwezi."

Sikuthubutu kuchomoa. Mimi niliyemkatia jirani kwa kushuku tu, nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kwa aibu.

Jioni ile nilirudisha waya wa Mama Keza. Nikampelekea kinywaji, kama inavyotakiwa mtu akija kuomba msamaha, na jirani wa mlango wa tatu akawa shahidi. Alikunywa taratibu, akaniacha nimesimama. Mwisho akasema: "Ni sawa. Lakini kwa mwenye nguo utaenda we mwenyewe." Nilikwenda. Nilitukanwa vizuri. Mama Keza amenisamehe kwa mdomo, ila hajarudi kuketi kibarazani kwetu, na simlaumu.

Kwa Mama nilifikiri siku nyingi. Kumkataza nisingeweza, na kumwacha niliogopa ndoo isije ikakauka kabisa nyumba ikaungua. Basi nikamwambia anichemshie mimi, nusu ndoo tu, ifunikwe, kabla sijatoka kwenda shule.

Asubuhi iliyofuata nilikuta beseni la maji mlangoni pa bafu, na taulo lako juu yake; ndoo ilikuwa bado inachemka uani. Nikaingia. Nikasikia kandambili zake zinakuja, zikasimama nje.

"Yamepata moto?" aliuliza.

"Yamepata, Mama."

Halafu nikamsikia akirudi uani, na waya ukichomolewa ukutani. Amechomoa mwenyewe.

Mwezi huu umeme umefika hadi mwisho. Mwezi ujao tunakuja Gashoho kuganduka, tumalize msiba wako, na sijui kama siku hiyo ataacha. Sitamuuliza.

Kwaheri, Baba. Pumzika, mgongo wako umefanya kazi ya kutosha. Nakuahidi sitamkatia mtu umeme tena kabla sijaangalia nyumbani kwetu kwanza. Na Mama, mpaka aseme mwenyewe basi, atakuwa na mtu wa kumchemshia.

Mwanao,
Consolata