Makubadhi ya Mlangoni

Mama,

Salamu zikufikie huko ulikotangulia. Sisi tu wazima. Salma ameng'oka jino la mbele, akisema apiga mluzi. Nasri bado hali samaki mwenye macho. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, na wewe wajua haikuwa kubwa.

Jumanne walikuja kutukagua.

Si yule wa miaka yote. Wameleta binti mgeni kutoka ofisi ya Tudor, mpole, faili kifuani. Alikuja kuona kama watoto wa marehemu dada bado wako hapa, wanasoma, na mlezi wao aliyeandikishwa, yaani wewe, yupo, ili zile pesa za serikali za watoto ziendelee. Kazi yako mwenyewe, Mama, uliyoifanya zamani kwenye nyumba za wenzetu, yetu ikikaguliwa na wengine. Nikamwona ameinama kizingitini, anahesabu viatu. Nikajua ni nani aliyewafundisha. "Usiulize watoto wangapi. Mdomo huzaa kuliko tumbo. Hesabu viatu."

Akahesabu: ndara za Salma, viatu vya shule vya Nasri, mabuti yangu yenye vumbi la godauni la Shimanzi. Na makubadhi yako. Sikuyaondoa, Mama. Kila asubuhi nayapangusa. Mtu akitokea, najifanya nafunga kamba za mabuti.

Akaandika bila kuuliza: mlezi yupo.

Bi Khadija wa ghorofani, aliyekuwa kwenye ngazi kwa shughuli zake za kusikiliza, akanikonyeza. Tangu arubaini yako ananiambia, "Mwanangu, nyamaza. Kadi ya malipo haina roho, itakufaje?" Kifo kikitajwa, malipo husimama mpaka aandikishwe mlezi mwengine. Na mshahara wangu wanijua mimi peke yangu, watatu hautuenei.

Nilinyamaza, Mama, nisikufiche. Nilinyamaza mpaka binti akafunga faili, akavaa viatu vyake.

Hapo nikamkumbuka binamu yako Mwanakombo. Ulimtoa kwenye orodha kwa kuwa mjukuu wake alishahamia kwa babake, na ndara zake hazikuwapo mlangoni. Idi mbili hakukupa mkono. Ulisema, "Nikimfumbia macho huyu, mwengine nitamtazama kwa jicho gani?" Kisha ukaenda kulia jikoni, ukasingizia vitunguu. Siku hiyo tulikula chai na mkate.

Nikamwita binti. "Dada, hayo makubadhi mwenyewe hayupo. Tumemzika."

Akayatazama. Akaketi kwenye ngazi, akakata alichoandika. "Pole sana, kaka. Basi mlezi ni nani?"

Nikajisikia nasema: mimi.

"We Athmani!" Bi Khadija huyo, kutoka juu. "Wajua kumsuka Salma?"

Sijui. Jana nimejaribu. Ameenda madrasa mtandio umefika kwenye nyusi.

Malipo yamesimama. Fomu ya kubadilisha mlezi imepelekwa, majibu yatakuja siku yatakayokuja. Tunakula, usihangaike. Bi Khadija alininunia siku mbili. Ya tatu kashusha sinia ya mahamri. Wamjua, kwake huko ndiko kuomba radhi.

Leo nimeyatoa makubadhi yako. Nimeyafunga kwa leso yako ile ya Biashara Street, nimeyaweka sandukuni. Pale pake, karibu na ndara za Salma, nimesogeza mabuti yangu.

Mungu akulaze pema, Mama. Nami nakuahidi: yeyote atakayekuja kuhesabu, mwaka huu au mwaka wowote, atayakuta mabuti yangu hapo.

Mwanao,
Athmani