Jezi ya rangi ya chungwa

Manjit, ile jezi mpya ya timu usiivae! Itoe hata kwa kamba ya nguo.

Nimepigwa sasa hivi hapa mtaa wa Rhonda. Niko hai, lakini mkono wa kushoto hauinuki.

Nilikuwa nimeivaa yangu, naenda kumwona Kosgei, kapteni wetu. Wanaume kama kumi walikuwa wamefunga barabara na mawe, wako na mapanga na rungu. Mmoja akanikaba shingo. "Wewe Mhindi, hii rangi ya chungwa ni ya chama gani?"

Nikamwambia, "Boss, hii ni ya basketboli!"

Basketboli! Na matokeo ya kura yametangazwa juzi tu! Walicheka, halafu rungu ikashuka begani. Nilisikia mfupa ukilia.

Wakaichana jezi na panga nikiwa bado nimeivaa, wakaitupa kwa moto wa matairi. Jezi niliyokuambia ni kali kuliko zote Kenya.

"Sasa ipigie makofi," yule aliyenikaba akasema.

Manjit, nilipiga. Mkono mmoja umening'inia, nikaupiga na ule mwingine hapo hapo chini. Jezi yetu iliungua mpaka ikaisha, na mimi nilikuwa naishangilia.