Springi Zilizochomwa Moto

Mji Mkongwe, Unguja

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwa mvua hizi. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na nitakueleza bila kuficha kwa sababu jambo lenyewe linaihusu nyumba yetu.

Unamjua Rajabu, fundi mwenzangu hapa gereji, mchumba wa mdogo wetu Zuhura. Mwezi uliopita bwana mmoja wa ofisini alituletea gari lake la mbio, jekundu, la viti viwili, alilolinunua kwa tajiri aliyehama baada ya Mapinduzi. Alitaka tulishushe, bodi lilalie matairi, kama yale anayoyaona kwenye picha za magazeti. Nikamwambia mjini na Mbweni sawa, kuna lami, lakini akienda shamba mawe yatamtoboa bakuli la oili. Tukakubaliana inchi moja tu. Kazi yake ni kuzitoa springi, kuzikata kwa msumeno na kuzirudisha. Ni ya kutwa nzima, na mkono unavimba.

Asubuhi ya kazi jirani yangu alifariki, nikaenda kuzika. Niliporudi adhuhuri nikakuta gari limekaa chini kama kuku anayeatamia.

"Nshamaliza," Rajabu akaniambia.

"Kwa msumeno, asubuhi moja?"

"Msumeno wa nini? Nimezipiga moto wa gesi humo humo, zenyewe zikalala."

Dada, springi ikichomwa moto imekufa. Leo imelala kidogo, kesho italala zaidi. Nikamwambia tuzitoe, tutafute nyingine. Akasema nina wivu. Jioni mwenye gari akaja akalichukua, amejaa furaha, na mimi nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, silikatai.

Jumapili yule bwana akaenda Kizimkazi na mkewe kuwatazama wakwe. Njiani gari likapiga jiwe, oili ikamwagika yote, injini ikanoki. Jumatatu akaja gereji kwa miguu pamoja na watu wawili wasiocheka, akauliza nani aliyelishusha gari lake. Neno hujuma likatajwa mara moja tu, nawe unajua siku hizi neno hilo humpeleka mtu wapi.

Nikamtazama Rajabu, nikimngoja aseme. Na kweli, akafungua mdomo.

"Wallahi, mie springi hizo sikuzigusa. Muulizeni huyu wa Tanga," akaninyooshea kidole mimi.

Wenzetu wote walioona wakainamisha vichwa. Nikawekwa ndani siku nne. Walionitoa ni watu niliobeba nao jeneza. Walikwenda mmoja mmoja kusema kwamba asubuhi ile nilikuwa makaburini, na baadhi yao hata jina langu walikuwa hawalijui. Mwisho wakubwa wakaamua kosa ni la barabara mbovu, wala hakuna aliyeulizwa tena.

Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwao Rajabu, nyumba ambamo kwa miaka mitatu nimekula naye sinia moja. Nilidhani ataomba radhi. Nikamuuliza kwa nini aliapa uongo juu ya kichwa changu.

"Ningefanyaje?" akasema. "Mie nna harusi mbele yangu."

Harusi hiyo ni ya kwetu, dada. Alinitosa mimi ili awahi kumwoa ndugu yangu, na alinijibu kwa sauti ya mtu anayetaka aonewe huruma. Nimechukia, na nimeona aibu kwa kuwa mimi ndiye niliyemleta kwetu Idi ile, nikamkalisha mbele yenu na kumsifu.

Baba hayupo, walii wa Zuhura ni mimi. Mwambie Ami Hamisi idhini niliyompa ya kuozesha kwa niaba yangu nimeiondoa. Asimshike mkono Rajabu mbele ya kadhi.

Nisalimie shemeji, mumeo, na umwambie nimezipata zile kandambili. Mbusu mwanao mkubwa, aliyeanza chuo cha Kurani. Mama mdogo, aliyetulea, mwambie nakula vizuri, asiwe na wasiwasi.

Zuhura usimpe salamu zangu. Kaa naye chumbani, msomee barua hii yote, usiruke neno. Na akitaka mtu wa kumlaumu, mwambie kaka yake ndiye aliyemwambia Rajabu ni mtu mwema, naye akaamini kwa sababu nilisema mimi.

Nduguyo,
Mbaruku