Juu ya Makala (Makaa) Yaliyobadilishwa Katika Pipa la Maji, Alunguli

MAELEZO YA SHAHIDI
Kindu, komine ya Alunguli, tarehe 14 mwezi wa tano 2024, saa ine na nusu ya asubui, mbele ya OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) Sumaili.
Shahidi: Fifi Amuri, miaka 25, muuza sombe (majani ya muhogo), anakaa Alunguli, alisoma mpaka mwaka wa tano wa msingi.

Sasa hivi mutoto wangu Glodie, miaka mitatu, ameinua kikombe cha afande mbele ya dirisha aone kama maji iko buluu. Naomba amusamehe. Mimi njo nilimufundisha.

Chemchemi yetu iko chini ya depo moja ya dawa. Dawa zilizopita muda wanazimwaga mu mutaro, zinashuka kwetu. Mwaka jana mwalimu Fabien alitufundisha kuchoma maganda magumu ya ngazi, zile mbegu za michikichi, ndani ya pipa lililofungwa, bila hewa, kungoja mpaka lipoe kabisa, kutwanga, kuosha, kujaza mu pipa la maji, kisha kupitisha maji humo. Makala hayo yanashika dawa. Tunapima kwa tone la dawa ya buluu: maji ikitoka safi, makala yangali na nguvu.

Mnamo tarehe 2 mwezi wa tatu ilikuwa zamu ya Léontine, Mama Octave, kuchoma na kujaza pipa. Mu vita mama zetu walikimbilia pamoja pori la Obokote. Nilizaliwa kule, na Léontine, akiwa na miaka minane, alinibeba mugongoni. Zamu za wengine wote nilipima. Yake hapana.

Jana, saa mbili ya asubui, Glodie alililia tone, anapenda kuliona likipotea. Nikatia. Maji ikatoka buluu. Nikafungua pipa: makala ya jikoni, vipande vikubwa vikubwa.

Nikamuita Léontine, akasema, "Mama Glodie, nilifungua pipa la kuchomea lingali moto, maganda yote yakawa majivu. Nilisikia haya, nikatia ya jikoni."

Hapo mutu wa pikipiki akasimama: "Mama Octave, bidoni zako za maji ya chemchemi ya juu ya depo, kama kawaida."

Kama kawaida! Na kila asubui Léontine alimumiminia Glodie maji ya pipa: "Kunywa, mama mudogo."

Mutoto ana upele tangu mwezi wa ine. Muuguzi hajui kama ni maji. Mimi pia sijui.

Sitaki Léontine afungwe. Pipa tutajaza upya, naamini maji itarudi safi. Ila anieleze mbele ya wamama: alipokuwa anamuangalia Glodie akikunywa, mu roho yake alikuwa ana

Noti ya OPJ: Hapa shahidi aliitwa na mudogo wake Naomie toka nje: "Yaya, kuya mbio!" Léontine alikuwa amefika kwa mwito wangu. Mutoto alitoka na kikombe changu, akakimbilia mikononi mwake na kumupa anywe. Léontine hakunywa. Shahidi alirudi na mutoto, akasema hana la kuongeza. Nilimusomea, akakubali ni maneno yake.

(sahihi) Fifi Amuri
(sahihi) OPJ Sumaili