Alama Nne za Mshono

Mkamwana wangu,

Sisi wazima. Watoto wanasoma, paa limezibwa, na yule kuku wako mwenye kiburi ameanza kutaga. Cherehani yangu ndiyo inakohoa.

Juzi madaktari wa utafiti walipima viuno vya wafanyakazi kiwandani, kisha wakamwita mumeo hospitali. Nikamsindikiza nikijidai, maana kitambi kile nimekilea mwenyewe. Daktari, binti mdogo tu, akauliza tumbo limeanza lini kukua. Mumeo akaanza kuhesabu vidole.

Nikasema, "Niulize mimi fundi wake. Wewe mwanangu, vua suruali uigeuze!"

Daktari akahesabu alama za mishono niliyofumua kumpanulia kiuno. Nne, zote tangu uende kazini huko mbali mwaka jana.

Nikangoja sifa. Akasema, "Bibi, mafuta haya hayako nje tu, yamezunguka ini na matumbo. Presha iko juu, sukari iko juu. Tukizubaa, moyo wake utasimama."

Mwanangu, asiyeugua hata mafua!

Wewe ulimpunguzia sahani, nami nikakutangaza mtaa mzima kwamba unamnyima mume chakula. Mtu mzima hovyo ni mimi. Usinijibu hilo, naujua mdomo wako.

Niandikie ulivyokuwa ukimpakulia. Nimemshonea suruali mpya kwa kipimo cha kiuno alichokuwa nacho ulipoondoka, nimeitundika mlangoni aione kila asubuhi. Siku itakapomwenea, nitakuomba radhi mbele ya mtaa ule ule.

Mama mkwe wako, bado mkali.