Mchezo wa Pili wa Jumapili

Plonka, Wanunuzi wa Vyuma Chakavu,
S.L.P. 48,
Harlow Mills, Wisconsin.

Jumatatu, 1 Aprili 2019.

Mpendwa mwanangu Neil,

Alhamisi iliyopita, tarehe 28 Machi, baba yako alipoteza nafasi ya mdakaji kwenye ukuta wa heshima wa uwanja wetu wa besiboli. Kura nne kwa tatu. Nimeliweka hilo mbele ya salamu ili usije ukaona tarehe hapo juu ukadhani shangazi yako anakuletea mzaha wa siku ya wajinga.

Sasa salamu. Hujambo? Marisol hajambo? Na Tess, lile jino la mbele limeshaota? Najua huko Tucson mmeshaanza kulilalamikia joto. Huku kwetu theluji bado imelala nyuma ya ghala, nyeusi kama makaa, na matope ya yadi yanawavua watu viatu. Mimi ni mzima, isipokuwa bega la kulia ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Baba yako anakula, analala, na jioni anawagombeza wadakaji wa kwenye runinga, eti wanachuchumaa kama watu wanaosubiri basi. Nimechoka, Neil. Uchovu wa kazi naujua, nimeishi nao tangu niliponunua lori la kwanza. Huu si huo.

Sikuweza kuhudhuria kikao cha Alhamisi. Mama Hultgren, mwenyekiti wa kamati, alinipigia simu mwenyewe kunipa matokeo. Uso mmoja wa shaba nyeusi kwa kila nafasi uwanjani, na uso wa mdakaji utakuwa wa Wendell Strand. Nilipomuuliza sababu akasema ni hesabu zako ulizoiletea kamati. Majedwali yako yalisomwa kama Injili. Wendell, katika kila zamu elfu za kupiga, ana mapigo safi 292. Baba yako, Bernard Plonka, ana 265. Nani abishane na hilo?

Ijumaa tukaenda kula samaki wa Kwaresima pale kwa Lenz, kama kawaida. Habari ilishaenea. Wendell alikuwa mezani na bia zimempangia foleni. Ni mwungwana yule, sina ugomvi naye. Alipotuona akanyanyuka.

“Bernie, mzee mwenzangu! Wakinichonga pua vibaya nitawaambia waweke yako.”

“Yangu haienei ukutani,” baba yako akamjibu. “Labda wamwondoe mrushaji.”

“Kaa hapa bwana. Bia ya kwanza juu yangu.”

“Nipe ya pili. Mimi na wewe, ya pili siku zote ilikuwa yangu.”

Meza nzima ikacheka, na Wendell akacheka kuliko wote. Kisha akaacha, akatazama ndani ya bilauri yake kwa muda. Mimi nilikuwa nimeshika uma na samaki wangu. Nikaacha kula.

Mechi ya pili siku zote ilikuwa yake. Wewe hukuwahi kuiona, ulizaliwa akiwa katikati ya kazi hiyo. Jumapili timu ilicheza michezo miwili, wa kwanza baada ya misa na wa pili mara tu baada ya ule. Mpango ulikuwa wadakaji wawili wagawane, kila mmoja mchezo wake. Lakini Wendell mgongo ulianza kumsumbua, akasogezwa kituo cha kwanza, pale mtu anaposimama wima na kupigwa na upepo. Baba yako akabaki amechuchumaa nyuma ya mpigaji, na ile barakoa ya chuma na zile kinga za miguu tangu saa nne asubuhi mpaka jua linainama. Kati ya mchezo na mchezo mama yetu alikuwa akimletea barafu ndani ya ndoo ya maziwa, naye alikuwa akiingiza miguu yote miwili humo mpaka magotini, na viatu vyake.

Jumamosi nikamwomba Mama Hultgren nakala ya majedwali yako, akanipa. Neil, nikusifu kwanza. Ni kazi safi. Kila mchezo wa kila mchezaji wa ligi una mstari wake: tarehe, ni wa kwanza au wa pili, mchezaji alisimama nafasi gani, zamu zake za kupiga, mapigo yake. Kila kitu kimo. Kosa lako ni moja, ulijumlisha mapema mno.

Mtu akileta lori hapa yadini, waya za shaba zimechanganyika na vyuma vya jiko, siwezi kupandisha lori zima kwenye mizani nikamwambia uzito wake ni huu, basi hiyo ndiyo shaba yako. Kwanza tunatenganisha. Duane yuko kwenye kreni miaka yote hii kwa kazi hiyo tu. Wewe ulipandisha lori zima.

Nikatenganisha. Wendell ana zamu 1,250 na mapigo 365, ndizo hizo 292 zako. Lakini katika zamu hizo, alizopiga akiwa mdakaji ni 400 tu, na humo alipata mapigo 96. Hiyo ni 240 katika elfu. Hizo 850 zilizobaki alizipiga akiwa kituo cha kwanza, kwa miguu iliyopumzika, akapata 269. Nampa heshima yake, 316 si mchezo. Ila ukutani ataandikwa mdakaji. Na unajua kwa nini hakuombewa nafasi ya kituo cha kwanza? Kwa sababu ile alishapewa marehemu Otto Brandl, aliyempita kwa mbali. Marafiki zake wakampitisha mlango wa nyuma, na wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo.

Baba yako zamu zake ni 1,200, mapigo 318, zote akiwa mdakaji, hata moja hakupiga akiwa kwingine. Sasa zigawe. Mchezo wa kwanza, zamu 700, mapigo 208. Mchezo wa pili, zamu 500, mapigo 110. Yaani akiwa na magoti yake mapya alipiga 297 katika elfu, zaidi ya hiyo 292 iliyompa Wendell ukuta. Baada ya kuchuchumaa mchezo mzima, 220. Zile 77 zilizopungua katikati, mwanangu, ndiyo ndoo ya barafu.

Nakusikia huko ukisema, shangazi, pigo ni pigo, jedwali halina huruma. Sikuombi huruma. Tuache kabisa kugawa wa kwanza na wa pili, turudi kwenye ile 265 yake, uniambie ulimlinganisha baba yako na nani. Nimewajumlisha wadakaji wote wa ligi kwa miaka ile, wastani wao ni 231. Wachezaji wa kituo cha kwanza, 288. Mdakaji akipiga 265 amewazidi wenzake 34. Wendell akiwa mdakaji aliwazidi 9. Hata akiwa huko kwake anakosimama wima aliwazidi wenzake 28, bado hamfikii. Wewe kazini kwako, kampuni ya bima inakulipa kwa kujua kwamba mzimamoto na karani wa benki hawapimwi kwa jedwali moja. Nimeishia darasa la kumi na nimeliona Jumamosi kabla chai yangu haijapoa. Siwezi kuamini wewe hukuliona.

Hapo ndipo ninapochoka.

Kwa sababu Mama Hultgren aliniambia na jambo jingine. Nilimsema vibaya kidogo kwenye simu ile ya matokeo, nakiri, naye akakasirika. “Arlene, usitulaumu sisi. Kura ya nne ni ya mwanawe mwenyewe.” Kisha akakumbuka kwamba kura zilikuwa za siri, akaniomba nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Ninakwambia wewe, ambaye unajua tayari.

Nimewaza kwa nini ulifanya hivyo, na nadhani najua. Uliogopa waseme Neil anambeba baba yake. Umesoma, unaheshimika, walikualika kwenye kamati ukiwa mbali kwa sababu ya jina lako la kazi. Ukataka mikono yako ionekane safi. Ukaiacha hesabu ifike mahali inapokuumiza wewe, ukasimama hapo, ukaona huo ndio uadilifu. Lakini kumpunja wa kwako ili usionekane unampendelea ni kupunja tu. Mizani yangu hapa ikizidi gramu kwa mgeni au ikipungua gramu kwa ndugu, mkaguzi anaifunga vilevile.

Jana kanisani, watu wote tulipopiga magoti, baba yako alibaki ameketi kama desturi yake. Tulikuwa na padri mgeni, kijana, akamtupia jicho. Baba yako akaninong’oneza, “Mwambie huyo mtoto ya kwangu niliyamaliza kuyapiga mwaka themanini na mbili.” Nikacheka mpaka nikaona aibu. Kisha nikamtazama anavyonyanyuka ile misa ilipokwisha, mkono mmoja kwenye benchi la mbele, mwingine begani kwangu, lile bovu.

Ukitaka kujua, yeye mwenyewe hajaniomba niandike. Nilipomwonyesha hesabu zangu Jumamosi alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, akasema tu, “Kumbe wa kwanza nilikuwa napiga hivyo?” Miaka yote hii hakujua. Alidhani yeye ni mpigaji wa wastani mwenye mikono mizuri ya kudaka. Akavua miwani. “Mwache mtoto, dada. Kapiga hesabu yake.” Kisha akaniomba ile karatasi, na leo asubuhi nimeiona imebandikwa kwenye jokofu kwa sumaku ya duka la matairi.

Kanuni ya kamati ni fupi, nimeisoma. Kura inarudiwa iwapo aliyeleta takwimu ataandika kwamba zina kasoro. Aliyeleta, si dada mtu. Mimi nikiwaandikia watasema Arlene ana uchungu, na watakuwa sawa. Picha ya Wendell inakwenda kwa wasubuaji, mafundi wa kumimina shaba, Ijumaa ya tarehe 12, mchana. Nao, ili ujue ninavyolala, hununua shaba yao kwangu. Uso huo utayeyushwa kutoka kwenye mabomba niliyoyapima mimi.

Duane anakusalimu sana, anasema safari ijayo umletee pilipili zile za kukaushwa. Mjomba wako Chester amepasuliwa jicho la pili, sasa anaona mpaka visivyomhusu. Msalimie Marisol, umwambie lile blanketi limefika na ninalitumia. Mbusu Tess. Mungu awalinde nyote, awape afya, na akupe wewe usingizi mzuri kuliko wangu.

La mwisho nimelibakiza kwa makusudi. Ijumaa, tukirudi kutoka kwa Lenz, tulifika kwenye daraja. Hapo baba yako akasema, kwa sauti ya mtu aliyeridhika kabisa, “Tatu si haba, Arlene. Moja ya Neil, na mbili za watu wenye huruma.” Nikaendelea kuendesha. Nilisema njia ina barafu.

Basi nijibu bila kuzunguka. Utaiandikia kamati kwamba hukutenganisha, ndiyo au hapana? Ikiwa ni hapana, mpigie baba yako umwambie kwa kinywa chako kwamba kura yako haimo katika zile tatu, maana mimi sitaweza tena kutazama barabara na kunyamaza. Nataka kukusikia wewe mwenyewe, si Marisol, kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa tarehe 12, kwa saa za huku.

Shangazi yako, anayekupenda hata wiki hii,

Arlene