Mgeni wa Saa Tano

Mkolani, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na kahawa imeshaanikwa au mvua bado inawachezea? Mimi ni mzima, ukiacha usingizi. Naandika kwa kalamu kwa sababu mara mbili nimekupigia simu nikuambie haya, na mara mbili nimeishia kuuliza habari za mbuzi. Baba mdogo akusomee, ila mwambie asiruke hata mstari mmoja. Namjua.

Najua mnasubiri neno langu. Deo alipopotea ziwani wakati wa masika, mtumbwi ukaonekana na yeye asionekane, ukoo mzima ulikubali tuzike mgomba mahali pake, pembeni ya marehemu Baba, kama tunavyomfanyia mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema kaka yangu hawezi kuzikwa wakati yuko hai kisiwani mahali fulani, nawe ukasema mgomba hautakatwa mpaka Koku aridhie. Nilijiona namtetea Deo, kumbe nilikuwa nakuweka wewe msibani miezi yote hii. Nisamehe.

Sikukuambia nilichokuwa nafanya. Nilikuwa najifunza kutengeneza tovuti, yaani ukurasa ambao mtu yeyote mwenye simu anaweza kuufungua, awe Ukerewe au Kisumu. Nilitaka niweke picha ya Deo na namba yangu, ili aliyemwona anipigie. Pale steshenari ya Nyegezi ninapochapa barua za watu, tajiri wangu Bi Mwajuma aliniruhusu kutumia kompyuta saa ya chakula. Mwalimu sikuwa naye, ni video tu nilizotazama kwenye simu.

Ungenicheka. Programu inakupa ukurasa wa mfano uliojaa picha za wazungu wanaocheka, na maneno ya Kilatini. Kilatini kabisa! Nikadhani ni sala, kama zile za padri mzee wa utotoni kwetu, nikaogopa kuyafuta. Wiki nzima picha ya Deo ilikaa juu ya maneno yale, kumbe ni ya kujazia nafasi tu. Nikiivuta picha kulia, maandishi yanakimbilia chini. Nikikuza herufi, jina lake linakatika katikati. Bi Mwajuma akipita nyuma ya kiti changu alikuwa anasema, "We Koku, kaka yako umemwangusha tena."

Chini ya ukurasa niliweka kihesabu cha wageni, kinachoonyesha ni watu wangapi wameufungua na saa ngapi. Kila siku nikifungua saa saba mchana, nakuta mgeni mmoja, amekuja saa tano asubuhi. Nilifurahi, Mama. Nilisema yuko mtu huko anayemfahamu Deo. Karibu wiki tatu zilipita hivyo.

Ndipo video moja ikanionyesha kosa langu. Kuhifadhi si kuchapisha. Kila siku nilikuwa nabonyeza kitufe cha kuhifadhi nikidhani ukurasa umeshatoka duniani, na wenyewe ulikuwa rasimu tu ndani ya akaunti yangu. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuuona. Nikamwita Bi Mwajuma, nikamuuliza huyo mgeni wa saa tano ni nani basi.

"Ni wewe mwenyewe unaufungua halafu unasahau," Bi Mwajuma akasema. Nikamjibu kwamba saa tano mimi huwa kwenye mashine ya fotokopi, na foleni ya wanachuo anaiona kwa macho yake. Kesho yake nikabadilisha neno la siri, na yeye kwa mkono wake akachomoa waya wa kompyuta tangu asubuhi. Saa saba tukawasha. Mgeni mmoja, saa tano. Bi Mwajuma alisoma dua kimyakimya, akaenda kukaa kibarazani, na tangu siku hiyo hapiti tena nyuma ya kiti changu.

Saa tano ndiyo saa aliyoniaga Deo mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, siku ile aliyopotea. Alikuwa na mfuko wa spana begani, anakwenda kutengeneza injini ya watu kisiwani. "Usihangaike kupiga simu," aliniambia. "Nikifika nitakujulisha."

Juzi niliongeza fomu ya ujumbe. Ina sehemu ya jina na sehemu ya maneno, na ukiziacha tupu inagoma, inaweka mstari mwekundu. Nimeijaribu mwenyewe mara kumi. Jana nilikuta ujumbe mmoja. Jina hakuna, maneno hakuna. Saa tano.

Bibi alikuwa akisema asiyezikwa hajui kwake ni wapi, nami nikimcheka chinichini, msomi mimi. Sasa naona nilimnyima Deo nafasi yake mgombani, nikamjengea nyumba ndani ya kioo, na anakuja huko kila siku kwa sababu hana pengine. Naogopa. Tena kuna kitu kinachonitisha zaidi: nilianza kumsubiri. Ilikuwa ikikaribia saa tano natamani aje.

Basi kateni mgomba, Mama. Ukurasa sitauchapisha. Alhamisi napanda basi hapa Nyegezi, nakuja na shati lake la bluu alilolisahau kwangu, tulifunge kwenye mgomba kabla haujashuka. Mwambie Baba mdogo kaburi liwe tayari Jumamosi, na katekista asichelewe kama kawaida yake. Msalimie Mama mdogo, na Shangazi umwambie hasira zangu za masika zimekwisha, nitampigia magoti nikifika.

Naomba jambo moja tu. Tumzike saa tano. Msinikemee mkiniona nimeshika simu kaburini, nitakuwa natazama kile kihesabu. Deo aliahidi akifika atanijulisha, na siku hiyo asipoonekana mgeni, nitajua amefika.

Mwanao anayekupenda,
Koku